Uniti Kumi na Saba

Kikao kiliitwa Jumapili jioni, uani, kati ya kamba za nguo na karo la kufulia. Mama mwenye nyumba alikalia kigoda akiwa na daftari lake la umeme mapajani. Sisi wapangaji wa vyumba vitano tulisimama kando ya ukuta. Akasoma: kila chumba kinachanga shilingi 8,000, jumla 40,000, tunapata uniti 112. Miezi yote ya nyuma uniti hizo zilitufikisha mwisho wa mwezi. Mwezi huu luku imeisha tarehe 22.

Akafunga daftari, akanitazama.

"Mwanangu, hebu tuambie. Yale madude yanayowakawaka chumbani kwako usiku kucha ni ya nini?"

"Ni kompyuta za masomo, mama."

"Kompyuta nne kwa mtu mmoja?" aliuliza kaka wa bodaboda, mpangaji wa chumba cha pili. "Mimi nimesikia kuna watu wanachimba hela za mtandaoni kwa kompyuta. Umeme wanaokula ni kama kiwanda."

Wakacheka, lakini si kicheko cha mzaha. Nikajibu harakaharaka kwamba kompyuta zangu ni ndogo, zinakula umeme kama taa tu. Nililisema hilo kwa sauti ya mtu anayesoma shahada ya uzamili. Sikuwa nimepima chochote.

Aliyenitetea alikuwa mama wa chumba cha kona, yule anayeuza barafu za ubuyu na ukwaju. "Mwacheni mtoto asome," alisema, macho yake yakiwa chini. Kikao kikaisha bila uamuzi, ila kila mtu aliondoka akiwa na uamuzi wake moyoni.

Madude yenyewe ni Raspberry Pi 4, kompyuta za ubao mmoja. Kila moja ina upana na urefu unaokaribia wa kadi ya benki, na juu yake kuna prosesa, kumbukumbu, matundu ya USB na tundu la waya wa mtandao. Haina diski, mfumo wake wote unakaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu kama ile ya simu. Kompyuta hizi zilibuniwa Cambridge, Uingereza, na za kwanza zilianza kuuzwa Februari 2012, lengo likiwa watoto wajifunze kuandika programu kwa bei nafuu. Watu wazima wakazigombania. Mwaka huohuo timu ya Chuo Kikuu cha Southampton, ikiongozwa na Profesa Simon Cox, iliunganisha 64 kati ya hizo zikafanya kazi kama kompyuta moja, na rafu za kuzibeba zilijengwa kwa vipande vya Lego. Mtoto wa profesa, mwenye umri wa miaka sita, alisaidia kujenga.

Wazo la kuunganisha mashine nyingi za bei ndogo badala ya kununua moja ya bei kubwa ni la zamani kuliko hapo. Mwaka 1994, katika kituo cha Goddard cha NASA, Thomas Sterling na Donald Becker walichukua kompyuta 16 za kawaida, za aina iliyokuwa inauzwa madukani, wakaziunganisha kwa mtandao na kuziita Beowulf. Niliposoma habari hiyo nilihisi kama nimepewa ruhusa. Sina fedha za seva, lakini niliona naweza kuwa na nne za aina hii, moja baada ya nyingine.

Ilinichukua miezi minane. Mbili niliuziwa na mwanafunzi aliyemaliza chuo na alikuwa anahama. Moja binamu yangu aliniletea kutoka Dubai, ikiwa imefungwa ndani ya soksi. Ya nne nililipia kwa fedha nilizopata kwa kutengeneza kompyuta za watu na kufundisha vijana wa diploma. Swichi, waya na chaja nilinunua Kariakoo. Vichwa vya waya nilibana mwenyewe, na vitatu vya kwanza nilivitupa kwa sababu nilipanga rangi vibaya. Fundi seremala wa jirani alinikatia vibao vinne vya plaiwudi, nikavipandanisha kwa misumari ya skrubu kama ghorofa. Chini kabisa nikaweka feni ndogo, maana chumba changu kina bati bila dari, na mashine hizi zikifika nyuzi 80 zinaanza kujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Usiku wa kwanza nilipoziwasha zote nne, nilizima taa nikakaa kitandani kutazama vitaa vya kijani vikipepesa. Ndivyo hivyo majirani waliviona kupitia pazia.

Tasnifu yangu inahusu nakala. Unapoweka data kwenye mashine moja, mashine hiyo ikifa data imekufa. Kwa hiyo tunaweka nakala kwenye mashine kadhaa, na hapo linazaliwa tatizo jipya: nakala zikitofautiana, ipi ni ya kweli? Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mbinu waliyoiita Raft, ambayo sasa inatumika katika mifumo mingi. Ndani ya Raft mashine zinachagua kiongozi kwa kura. Kiongozi anatuma ishara kila mara, kama mapigo ya moyo, kuwaambia wenzake kwamba yupo. Akinyamaza kwa muda, mwingine anagombea, na anayepata kura zaidi ya nusu anashika nafasi. Jambo haliandikwi kuwa la kweli mpaka wengi walipokee. Mashine tatu zinahitaji mbili kukubaliana, kwa hiyo moja ikifa kazi inaendelea. Nne zinahitaji tatu, kwa hiyo ya nne haikuongezei ustahimilivu wowote. Ndiyo maana kwangu tatu ndizo zilizokuwa zinapiga kura, na ya nne ilikuwa inawatumia wenzake kazi na kutunza matokeo.

Nilitaka kujua mfumo kama huu unaishije mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara. Msimamizi wangu aliniambia ningeweza kuiga kwenye kompyuta moja, kwa programu inayojifanya mashine nyingi. Kisha akaongeza, "Lakini kama unataka kusema kitu kuhusu umeme unaokatika, kata umeme." Nikakata. Kwa siku tisa nilichomoa moja moja, kwa ratiba niliyoipanga, nikarekodi kiongozi mpya anapatikana baada ya muda gani na kama kuna kilichopotea. Matokeo yalikuwa mazuri kupita nilivyotarajia. Sikupoteza hata herufi.

Usiku wa tarehe 22, saa nane na dakika kadhaa, luku iliisha. Nyumba nzima ikazima, na mashine zangu zote nne kwa mara moja. Asubuhi tulichanga za dharura, umeme ukarudi, zile tatu zikawaka. Ya nne haikuwaka. Kadi yake ilikuwa katikati ya kuandika umeme ulipokatika, na haikusomeka tena. Siku tisa za majaribio zilikuwa humo.

Naomba uelewe hili vizuri. Mimi ninayeandika tasnifu kuhusu nakala, matokeo yangu mwenyewe nilikuwa nayo nakala moja.

Kwa hiyo nilienda kwenye kile kikao cha Jumapili nikiwa na hasira zangu. Nilijiona ndiye niliyeumizwa kuliko wote na luku ile, na bado ndiye ninayeulizwa. Kesho yake nilirudi Kariakoo nikanunua kipimo cha umeme, kile cha kuchomeka kwenye soketi kisha unachomeka kifaa chako juu yake. Nilitaka namba. Nilishaona kikao kijacho kichwani: ninasimama, ninataja namba, wanakaa kimya.

Nilipima kwa saa 24. Mashine nne, swichi, feni na chaja zake vilikula wastani wa wati 24. Nilifurahi, ni kweli ni kama taa, tena si kubwa. Halafu nikakaa nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kufungua mdomo mbele ya watu wazima. Taa ya kawaida unaiwasha jioni na kuizima ukilala. Mimi zangu zinawaka usiku na mchana. Wati 24 kwa saa 24 ni zaidi kidogo ya nusu uniti kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 17. Kwa bei tunayonunulia, hizo ni kama shilingi 6,000. Mchango wangu wote wa mwezi ni 8,000, na hapo bado sijawasha feni kubwa, taa, wala kuchaji kompyuta mpakato. Kwa maneno mengine, nilikuwa nasomeshwa na majirani zangu bila wao kujua.

Nikaendelea na hesabu, sasa kwa unyonge. Kama uniti 112 zinaisha kwa siku 22, basi kwa kasi ile mwezi mzima unahitaji uniti 153. Ongezeko ni 41. Zangu ni 17. Zilibaki 24 zisizo na mwenyewe.

Kusema kweli mwenyewe nilishamhisi. Chumba cha kona kinapakana na changu. Friza ya mama wa barafu ilikuwa na tabia ya kunguruma, kunyamaza, kunguruma, na niliizoea kama unavyozoea saa ya ukutani. Usiku huo nililala nikisikiliza. Haikunyamaza.

Ningeweza kwenda nayo kikaoni. Namba zilikuwa upande wangu, au angalau nusu yake. Lakini nilijua kitakachofuata. Friza ile ndiyo ada na sare za watoto wake wawili. Asubuhi wanafunzi wanapita pale dirishani na sarafu zao, na mchana mafundi wa gereji wanatuma mtu. Wapangaji wakiambiwa kwamba friza ndiyo mla umeme mkubwa, hawatauliza ni kwa nini, watasema itoke. Na huyu ndiye mtu pekee aliyenitetea. Nilipougua homa mwaka jana ndiye aliyenigongea mlango na bakuli la uji. Ningeweza pia kunyamaza, nikalipa zangu 17 na kuwaacha waamini nimelipa zote. Lakini uniti 24 hazinyamazi. Mwezi ujao luku ingeisha mapema tena, na safari hii wangenihesabu mwongo.

Jumatano saa mbili usiku nikabisha hodi chumba cha kona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekula?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, yeye akaendelea kufunga vifuko vya ubuyu, akivizungusha na kuvipiga fundo kwa vidole viwili. Nikamweleza. Nilianza na zangu: kwamba nilisema uongo kikaoni bila kukusudia, kwamba mashine zangu zinakula uniti 17 na nitazilipa. Kisha nikamwambia kuna nyingine 24, na kwamba ningependa, akiruhusu, kupima friza yake.

Vidole vikasimama.

"Kwa hiyo umekuja kunipima."

"Nimekuja kupima friza, mama."

"Ukiwaambia watasema niitoe."

"Sitawaambia. Nataka tujue kwanza mimi na wewe."

Alinyamaza muda mrefu. Mwanawe mdogo alikuwa anafanya hesabu za kugawanya sakafuni na alikuwa anatusikiliza. Mwishowe mama akanyoosha mkono, akachukua kipimo, akakitazama pande zote kama mtu anayekagua noti, akakichomeka mwenyewe.

Kesho yake usiku kilisoma uniti 2.4. Kwa mwezi ni 72. Nilimwonyesha jaribio ninalolijua: unaweka karatasi kwenye ukingo, unafunga mfuniko, unaivuta. Ikiteleza bila kukataa, mpira wa mfuniko umechoka na baridi inavuja, kwa hiyo mota haipati nafasi ya kupumzika. Karatasi haikusubiri hata kuvutwa. Na nilipoinama nikaona kitu kingine. Upande wa nyuma, mahali mpira ulipopasuka, palikuwa pamezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimefungwa vizuri kwa uzi.

Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema.

"Ulipasuka mwezi wa sita. Fundi friji alitaka elfu arobaini. Nikamwambia asubiri niuze kwanza."

Alikuwa anajua, basi. Si hesabu, bali jambo lenyewe. "Mwacheni mtoto asome" yalikuwa maneno ya kunitetea, na pia yalikuwa maneno ya mtu aliyeshukuru kwamba macho yote yako kwenye dirisha langu. Nilijaribu kukasirika nikashindwa, kwa sababu nami nilisimama ukutani palepale nikasema "kama taa tu" ili macho yaende kwingine. Kila mmoja wetu alikuwa na tyubu yake ya baiskeli.

Mpira mpya tuliununua kwa kuchangia: yeye 25,000, mimi 15,000, kwa makubaliano kwamba atanirudishia kidogo kidogo. Fundi alimaliza kazi kwa nusu saa. Tukapima tena: uniti 1.6 kwa siku, 48 kwa mwezi. Tofauti ni 24, uniti zilezile zilizokuwa hazina mwenyewe. Nimepata majibu mengi kwenye kompyuta maishani mwangu, lakini hakuna lililowahi kunifanya nicheke peke yangu kwa sauti kama hilo.

Kwenye kikao kilichofuata nilisimama, lakini si kama nilivyokuwa nimepanga. Nilisema zangu ni 17, nitazilipa juu ya mchango wangu, na niliomba radhi kwa ile taa. Kaka wa bodaboda akaanza kusema "si nilisema," ndipo mama wa barafu akamkatiza na kueleza ya friza, mpira na namba zote mbili, kabla na baada. Hakuna aliyesema itoke. Lakini mambo hayakuishia hapo vizuri kama ninavyotamani kuandika. Namba ikishatajwa hairudi ndani. "Kwa hiyo hata ikiwa nzima inakula 48?" akauliza dada wa chumba cha tatu. "Yaani karibu nusu ya umeme wetu wote?" Hilo hakuna aliyewahi kulijua, hata mwenye friza. Kipimo changu kikaanza kuzunguka chumba kwa chumba: pasi, runinga, jiko la umeme ambalo mtu aliapa halitumii. Wiki mbili nzima nyumba yetu ilikuwa kama ina mkaguzi. Mama mwenye nyumba akakata shauri: mimi 14,000, mama wa barafu 15,000, wengine watatu 6,000 kila mmoja. Mwezi uliofuata luku ilifika tarehe 30 na ikabaki.

Tasnifu nayo ilibadilika. Majaribio ya siku tisa niliyarudia, safari hii matokeo yakienda kwenye kompyuta mpakato na pia nje ya nyumba kila usiku. Lakini sura niliyoiongeza ndiyo msimamizi wangu aliyoipigia mstari. Raft inavumilia mashine chache zikianguka, na inategemea kwamba kilichoandikwa kwenye hifadhi kitabaki. Mimi nilikuwa nachomoa moja moja na kujipongeza. Nyumbani kwetu mashine hazianguki moja moja. Zote zinaning'inia kwenye luku moja, na luku hiyo inaning'inia kwenye pasi, runinga na mpira wa friza ya jirani. Na kadi ya bei rahisi inaweza kuiambia kompyuta "nimeandika" kabla haijamaliza kuandika. Ukihesabu mashine bila kuhesabu waya unaozilisha, umehesabu vibaya. Sasa moja kati ya zile tatu inakaa kwa rafiki yangu mtaa mwingine, kwenye luku nyingine. Inajibu polepole zaidi, lakini umeme wetu ukizima, yeye anajua tulikuwa tumefikia wapi.

Mama wa barafu alimaliza kunirudishia 15,000 mwezi wa kumi na moja. Zamani alikuwa ananitumia barafu ya ukwaju kwa mwanawe bila kuniuzia. Siku hizi ananiuzia kama anavyowauzia wengine, nami nalipa, tunasalimiana vizuri, na sidhani kama kuna kinyongo. Ila naona vifuko vimekuwa vyembamba kidogo kuliko mwaka jana. Sijavipima.